Ulanga: Jiwe la Kurasa katika Nchi ya Mbeya na Iringa



Ni wachache waliokulia katika Nyanda za Juu za Kusini wasiopata kuona, kandokando ya mto au njiani baada ya mvua, vijipande vyembamba vya jiwe ving'aavyo juani. Mtoto huviokota akavitia mfukoni, akasema ni fedha. Mtu mzima asiye na habari huviona ni vya manjano kidogo, moyo wake ukadunda, akasema ni dhahabu. Baadaye huambiwa kwamba si fedha wala si dhahabu, akavitupa. Kumbe alichokitupa kina jina lake, kina kazi yake, na kina historia ndefu katika nchi yetu na katika nchi za mbali. Kwa Kiswahili jiwe hili huitwa ulanga.

Katika mazungumzo haya twataka kueleza ulanga ni kitu gani, watu wameutumiaje, jinsi elimu ya mawe ilivyoingia katika nchi ya Mbeya na Iringa, na jinsi mwanakijiji au mwanafunzi awezavyo kuutafuta na kuutambua bila ya mashine. Lakini nia yetu si ulanga peke yake. Twataka ionekane kwamba jiwe lililotambuliwa, likaandikwa mahali lilipotoka, ni elimu na huenda likawa mali. Na jiwe lisiloandikwa mahali pake ni changarawe tu, hata liwe zuri namna gani.

Ulanga ni nini

Tuuanze mwamba wenyewe. Majabali makubwa yaliyo katika mji wa Iringa, na mengine mengi yaliyotawanyika katika nchi ile, ni ya mwamba uitwao matale. Ukivunja kipande kibichi, kisichooza kwa mvua na jua, utaona kwamba si kitu kimoja bali ni mchanganyiko. Ziko punje ngumu zinazofanana na kioo, nazo ni kwatsi. Ziko punje nyeupe au za rangi ya waridi hafifu zenye nyuso bapa, nazo ni feldispa. Na kati yake vimo vijimagamba vidogo, vyeusi au vyeupe, ving'aavyo sana. Vijimagamba hivyo ndivyo ulanga.

Katika matale ya kawaida ulanga ni mdogo mno hata haufai kwa kazi. Lakini zamani sana, mwamba ulipokuwa ukipoa chini ya ardhi, mabaki ya uji wake wa moto, yenye maji mengi, yalijipenyeza katika nyufa, yakaganda. Kwa sababu ya maji hayo, punje zake zilipata nafasi ya kukua. Mishipa hiyo ya mawe yenye punje kubwa huitwa pegmatiti, na humo ndimo ulanga huonekana katika vipande vya upana wa kiganja, hata vya sahani, vilivyopangana kama kurasa. Ndiyo maana wachimbaji hukiita kipande kizima cha ulanga kwa jina la kitabu. Hapana jina lililo sawa zaidi, kwani mtu akiingiza ncha ya kisu pembeni, hufunua ukurasa, na ndani ya ukurasa hufunua mwingine, hata macho yashindwe kuona wembamba wake.

Kazi yake tangu zamani

Katika nchi ya Urusi, zamani kabla ya vioo kuwa rahisi, watu walitia mabamba ya ulanga katika madirisha yao. Wafanyabiashara wa Uingereza walipouona wakauita kioo cha Moscow, na jina hilo ndilo lililozaa jina la kitaalamu la ulanga mweupe, yaani muskoviti. Baadaye ulanga ulitiwa katika vidirisha vya majiko na taa, maana hauungui wala haupasuki kwa moto kama kioo.

Ilipokuja elimu ya umeme, thamani yake iliongezeka kuliko zamani. Ulanga hauruhusu umeme kupita, huvumilia joto kali, na hukatika katika mabamba membamba kuliko karatasi. Vitu hivi vitatu ni shida kupatikana pamoja katika kitu kimoja. Kwa hiyo ulitumiwa katika mitambo ya umeme, katika mashine za eropleni, na katika redio. Redio za kale, zile zilizokuwa na taa za kioo ndani yake, zilikuwa na vijibamba vya ulanga vilivyoshika nyuzi ndani ya taa hizo, na vingine vilivyotiwa baina ya mabamba ya madini ili kuhifadhi umeme. Basi waliokuwa wakikusanyika jioni kusikiliza habari za ulimwengu walikuwa mbele ya jiwe hilihili la mtoni, ingawa hawakuliona.

Kwa miaka mingi India ndiyo iliyoongoza katika biashara ya mabamba ya ulanga, hasa nchi ya Bihar na upande wa Madras. Huko ulanga ulipasuliwa kwa mkono na kisu, na wengi wa wapasuaji walikuwa wanawake na watoto. Ilipotokea Vita Kuu ya Pili, mwaka 1939 hata 1945, mataifa yaliyopigana yaliutafuta ulanga kwa bidii kila mahali, na Tanganyika nayo ilitoa sehemu yake. Baada ya vita vilitokea vitu vya kutengenezwa vilivyochukua kazi nyingi za ulanga. Siku hizi mwingi husagwa, ukatiwa katika rangi za nyumba na za magari, na katika vipodozi, ndiyo sababu poda nyingine humetameta.

Elimu ya mawe ilivyoingia katika nchi yetu

Yafaa tuanze kwa kusema kwamba elimu ya mawe haikuletwa yote na wageni. Kabla ya karne ya ishirini, Wakinga, Wapangwa na Wafipa walijua sana kutambua mawe na mchanga wenye chuma, wakayayeyusha katika tanuu, wakafua majembe na mikuki. Mtu hawezi kuyeyusha asichokitambua. Mzee wa tanuu alijua kwa rangi, kwa uzito na kwa mguso jiwe lipi litatoa chuma na lipi litampotezea makaa yake bure. Huo ndio uchunguzi wenyewe. Kilichokosekana ni kuandika. Elimu ilikaa kichwani mwa mzee, na alipokufa bila ya mrithi, ilikwenda naye.

Wadachi walipoitwaa nchi, wataalamu wao wa mawe walifuata nyuma ya askari. Mmoja wao alikuwa Wilhelm Bornhardt, aliyesafiri katika nchi hii kati ya mwaka 1895 na 1897, akafika mpaka upande wa Ziwa Nyasa. Wakati huo Mkwawa wa Uhehe alikuwa bado akipigana. Hakufa mpaka mwaka 1898. Kitabu cha Bornhardt juu ya sura ya nchi na mawe yake kilitoka mwaka 1900. Twaona basi kwamba miaka miwili tu baada ya kufa Mkwawa, majabali na milima ya nchi hii yalikuwa yamekwisha kuandikwa katika kitabu cha Kidachi, ambacho wenyeji waliobeba mizigo na kuonyesha njia hawakuweza kukisoma.

Ulanga nao uliandikwa mapema. Kabla ya vita ya mwaka 1914 Wadachi walikuwa wakiuchimba katika milima ya Uluguru, karibu na Morogoro, ukapelekwa Ulaya kwa meli. Baada ya vita hiyo nchi ikawa chini ya Waingereza, na mwaka 1925 ikaanzishwa idara ya uchunguzi wa mawe, makao yake yakawa Dodoma. Mkuu wake wa kwanza alikuwa E. O. Teale. Kazi ya idara hiyo ilikuwa kupima nchi, kuchora ramani za miamba, na kupokea vipande vya mawe ili kuvitambua.

Jambo lililoitikisa nchi ya Mbeya lakini halikuwa ulanga, bali dhahabu. Katika miaka ya 1920 dhahabu ya mchanga ilipatikana katika mbuga za Lupa, upande wa Chunya, watu wakamiminika kutoka kila upande. Mji wa Mbeya wenyewe ulikua kwa sababu ya dhahabu hiyo. Maelfu ya wenyeji walikwenda kufanya kazi ya mshahara, wakichimba na kuosha mchanga wa wengine. Na hapo ndipo ulanga ulipopata sifa mbaya. Ulanga mweusi ukikaa sana katika mvua na jua hugeuka rangi, ukawa wa manjano kama shaba, ukimeta kuliko dhahabu yenyewe. Mtu asiyejua huuweka kwa siri, humwambia jamaa yake, huacha shamba lake wakati wa kupalilia, na mwisho wake ni aibu na njaa. Na ajuaye huweza kumdanganya asiyejua, akamwuzia punje zisizo na thamani.

Kumbe kuzipambanua si kazi ngumu. Dhahabu ni nzito sana: kipimo chake ni mara 19 ya maji, lakini ulanga hauzidi sana mara 3. Ndiyo maana katika karai la kuoshea, dhahabu hukaa chini kabisa, na ulanga huelea na kuzunguka pamoja na maji kama majani makavu, ukamwagika. Tena, dhahabu ikigongwa kwa nyundo hutandazika. Ulanga hugawanyika vijimagamba. Dhahabu hubaki na rangi yake juani na kivulini. Ulanga humeta juani, na kivulini hufifia. Mtu aliyeyajua haya matatu hawezi kudanganywa kwa urahisi.

Mfano mwingine upo Mbozi. Mwaka 1930 mpimaji mmoja, W. H. Nott, alitoa habari za bonge kubwa la chuma lililokuwa huko. Likachunguzwa, ikajulikana kwamba ni kimondo, yaani jiwe lililoanguka kutoka mbinguni, nalo ni chuma kilichochanganyika na nikeli. Uzito wake wakadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Wenyeji walikuwa wameliona tangu zamani. Lakini kwa kuwa jina la Nott ndilo lililotiwa katika maandishi, ndilo lisomwalo hata leo. Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu. Twasema ili ieleweke kwamba kuona ni nusu ya kazi, na kuandika ni nusu ya pili, na sifa humwendea aliyeimaliza.

Mahali pa kutafuta

Si kila mahali panafaa. Atakayezunguka Tukuyu na mlima Rungwe akitafuta vitabu vikubwa vya ulanga mweupe atachoka bure, kwa kuwa nchi ile imefunikwa kwa mawe na majivu ya volkano, nayo ni machanga kwa kuyalinganisha na mengine. Afadhali aende palipo na miamba ya kale, kama milima ya juu ya mji wa Mbeya, nchi ya Chunya, na majabali ya Iringa. Miamba hiyo mingi ina umri wa karibu miaka milioni 2,000.

Akifika huko, atazame kwanza mitoni na katika makorongo. Vijimagamba vya ulanga vikionekana vingi katika mchanga, apande mto polepole akiangalia kila kijito kinapoingia. Palipo na wingi zaidi ndiko alikofuata ulanga. Kisha atazame mbavuni mwa kilima: mshipa wa pegmatiti huonekana kama ukanda mweupe, maana kwatsi yake ni ngumu, hubaki imesimama wakati mwamba wa kando umeoza. Barabara zilizokatwa kilimani na mashimo ya visima ni msaada mkubwa, kwa sababu huonyesha mwamba mbichi.

Namna ya kuutambua

Vitu vinavyohitajika ni vichache: nyundo, kisu, sindano, ndimu, kiberiti, karatasi na kalamu. Majaribio yafanywe kwa utaratibu.

Kwanza, kisu. Ingiza ncha pembeni mwa kipande. Ulanga hufunuka upande mmoja tu, katika mabamba laini yasiyo na kikomo.

Pili, mkunjo. Chukua bamba jembamba ulikunje kidogo, kisha uliachilie. Ulanga wa kweli hurudi ukanyoka kama upinde. Hili ndilo jaribio kubwa kuliko yote, kwa kuwa jasi angavu hukunjika bila ya kurudi, na baadhi ya mawe ya kijani yenye magamba hufanya vivyo hivyo.

Tatu, ukucha. Juu ya uso wa bamba, ukucha huacha mkwaruzo hafifu au usiache kabisa. Jiwe likikwaruzika upesi na kuteleza kama sabuni, hilo ni talki, si ulanga.

Nne, moto. Shika bamba safi kwa koleo, ulitie katika moto wa kuni. Ulanga mweupe hauwaki wala hauyeyuki. Jasi hugeuka jeupe, likavunjika kama chaki. Na yuko ndugu wa ulanga aitwaye vermikuliti, ambaye akitiwa motoni huvimba akajinyosha kama mnyoo, mara nyingi kuliko ukubwa wake wa kwanza. Jaribio hili lifanywe mbele ya mtu mzima, na macho yakae mbali, maana mawe yenye maji ndani huweza kuruka.

Tano, ndimu. Mawe ya chokaa hutoa povu yakidondoshewa tindikali, hata ya ndimu kama yamesagwa kwanza. Ulanga hautoi povu.

Sita, sindano. Weka bamba juu ya ubao, weka ncha ya sindano, gonga mara moja. Mara nyingi huonekana nyota ndogo yenye miale sita. Nyota hiyo huonyesha jinsi chembe zake zilivyopangwa ndani. Nayo ni sababu moja na ile ya vitabu vya ulanga kuwa na pembe sita vinapokua bila ya kuzuiliwa.

Baada ya kujua kwamba ni ulanga, ipambanuliwe aina yake. Ulanga mweupe, au wenye wekundu hafifu ukiwa mnene, ni muskoviti. Huo ndio uliothaminiwa katika kazi za umeme. Mweusi au wa hudhurungi nzito ni biotiti. Una chuma ndani yake, na kwa kazi ya umeme hauna faida. Wa rangi ya kaharabu ni flogopiti. Aina hiyo imo katika mwamba wa ajabu wa kilima cha Panda, karibu na Mbeya, kilichopata kujulikana kwa madini ya niobiamu. Wa zambarau ni lepidoliti, ulio na madini ya lithi, nao ni adimu. Rangi peke yake isiaminiwe sana, kwa maana kutu na udongo hudanganya. Pasua mpaka ndani ndipo useme.

Namna ya kuandika

Sasa twafika kwenye jambo kuu. Kila kipande kifungwe peke yake katika karatasi, kwa maana vikichanganywa hukwaruzana na kupasuka. Kitiwe namba, na namba hiyo iandikwe katika daftari pamoja na mambo haya: tarehe, jina la kijiji, na la mto au kilima kilicho karibu, umbali na upande, kwa mfano hatua ngapi mashariki ya daraja, kama kipande kilivunjwa mwambani au kiliokotwa, mawe gani yalikuwa kando yake, majaribio yaliyofanywa na matokeo yake, na jina la aliyekiona kwanza. Hili la mwisho lisisahauliwe. Kama ni mchungaji wa ng'ombe au mama aliyekuwa akichota maji ndiye aliyeonyesha, jina lake liandikwe.

Wanafunzi wengi hupenda kuleta darasani jiwe kubwa na zuri kuliko yote. Sisi walimu hulitazama, tukauliza limetoka wapi. Wakijibu kwamba hawakumbuki, jiwe lile haliwezi kutufundisha zaidi ya sura yake. Lakini kijimagamba kidogo chenye karatasi iliyoandikwa vizuri huweza kumrudisha mtu mahali palepale baada ya miaka hamsini, hata kama aliyekiokota amekwisha kufa.

Tahadhari mbili hazina budi kutajwa. Ya kwanza, msiingie katika mashimo ya zamani. Udongo wake haukushikwa na kitu, na mvua hulegeza kingo. Tena vumbi la mawe likivutwa kila siku huharibu mapafu. Anayevunja mawe afunge pua kwa kitambaa kilicholowa, na asimame upande upepo unapotoka. Ya pili, kuokota kipande cha kujifunzia ni jambo moja, na kuchimba kwa biashara ni jambo jingine. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 yataka leseni kwa uchimbaji, hata ule mdogo. Tena mwenye shamba aombwe ruhusa kabla ya kugonga jiwe lake. Vipande vinavyotatiza vyaweza kupelekwa Dodoma, kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, iliyo mrithi wa ile idara ya mwaka 1925.

Hatuwaahidi utajiri. Ulanga mwingi wa mtoni ni vijimagamba visivyonunuliwa na mtu, na bei ya mabamba si ile ya siku za vita. Tunachoweza kusema kwa hakika ni kwamba kijiji chenye daftari la mawe yake, lililoandikwa na watoto wake katika lugha yao, hakitamsubiri mgeni awaambie wana nini chini ya miguu yao. Mzee wa tanuu alikuwa na jicho bila ya kalamu. Ninyi mnavyo vyote viwili. Basi, msimu wa mvua ukiisha na maji ya mito yakipungua, nendeni mkatazame, mpasue, mkunje, na mwandike.